Tatu Tupu

Kinyaa kilianza na kidole gumba.

Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa amekiona kile kidole kikienda mdomoni, kikirudi kwenye karatasi, kikifunua, kikienda tena mdomoni, na hakuwahi kuhisi chochote ila ile huruma tamu ya mtu aliyependa. Mwanamume mzima, mwenye shahada mbili, anahesabu karatasi kwa mate kama mtunza stoo wa zamani. Alimsimulia dada yake huku akicheka, na dada yake akasema, "Wewe mwenzangu umependa mpaka mate."

Leo, kabla ya saa sita mchana, alikiona kidole kilekile kikiacha doa bichi kwenye karatasi yenye jina lake juu, na akatamani kunawa.

Lakini asubuhi haikuanza hivyo. Ilianza vizuri, na ndiyo maana iliuma.

Ofisini walimwita Mama Dodoso. Walikuwa watu kumi na wawili tu, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, wakitengeneza programu za kompyuta. Programu waliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ya mapokezi ya zahanati: kuandikisha mgonjwa, kutafuta faili lake, kumpa namba ya foleni. Kazi ya Mama Dodoso ilikuwa kukaa kwenye chumba kidogo chenye meza, kompyuta na pazia, pamoja na mtu ambaye hajawahi kuiona programu hiyo. Anampa kazi za kufanya. Ananyamaza. Mshiriki akihangaika, ananyamaza. Akikwama, ananyamaza zaidi. Akimaliza, kabla ya kuulizwa lolote, anapewa karatasi moja yenye sentensi kumi, na kila sentensi ina namba moja hadi tano. Moja ni nakataa kabisa. Tano ni nakubali kabisa.

Kazi hiyo alifundishwa na mwenye kile kidole, ambaye ofisini walimwita Mtaalamu. Mama Dodoso alifika pale na cheti cha masomo ya jioni, alichokipata huku binti yake mchanga amelala juu ya blanketi lililokunjwa chini ya dawati, na wengi walimwona wa kutengeneza chai. Mtaalamu peke yake ndiye aliyevuta kiti, akamwekea dodoso mbele, akamweleza taratibu, macho yake yakimtua usoni kama mtu aliyefika mahali alipokuwa akipatafuta.

"Angalia," alimwambia siku ile. "Sentensi ya kwanza inasifu. Ya pili inalalamika. Ya tatu inasifu, ya nne inalalamika. Tumezichanganya makusudi, ili mtu asome."

Ndipo akamwonyesha boksi la karatasi chini ya meza, lililoandikwa kwa kalamu nene: HAZISOMEKI. Humo ziliingia fomu za namna mbili. Kuna mtu anayezungushia tano zote, kwa hiyo amesema programu ni rahisi na papo hapo ni ngumu. Huyo hakusoma, alitaka kumfurahisha mtu. Na kuna anayezungushia tatu zote, sikubali wala sikatai, kuanzia juu mpaka chini. "Tatu tupu ndiyo mbaya kuliko zote," Mtaalamu alisema. "Huyo mwili wake ulikuja, mwenyewe alibaki nyumbani. Itupe, usiione haya."

Siku ile alimpenda.

Asubuhi ya leo mshiriki alikuwa mama mmoja wa makamo, karani wa mapokezi, miaka thelathini nyuma ya dirisha lilelile. Alivaa miwani mbili, moja juu ya kichwa na moja machoni. Aliandikisha mgonjwa wa kubuni, akaandika umri, akaandika simu, halafu akatafuta mahali pa kuhifadhi. Dakika nne nzima. Kitufe kilikuwa pembeni kabisa, cha kijivu juu ya kijivu.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "huyu aliyekificha hiki kitufe ana ugomvi na nani?"

Mama Dodoso aliuma midomo asicheke. Alipompa karatasi, mama yule aliinama, akazungushia tano, tano, tano, mpaka chini, haraka kama mtu anayetoa maharagwe kwenye ganda. Halafu akamsogelea, akanong'ona kwamba amewapa zote, wasije wakafukuzwa kazi bure vijana wa watu.

Akamshukuru, akamsindikiza hadi ngazini. Aliporudi aliiangusha ile fomu ndani ya boksi, na moyo ukamuuma kidogo, kama mtu anayemwaga chakula kizuri.

Mtaalamu aliingia pale pale, akafunga mlango kwa mgongo wake. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki.

Alimtazama. Ah, ule utazamaji. Mama Dodoso aliishi kwa macho yale miezi kumi na minane, maana maneno ya nyumbani kwa akina Mtaalamu hayakuwa ya kumlisha mtu. Huko walikuwa na sentensi moja tu juu yake, nayo ilikuwa ya mama mtu: msichana mzuri, lakini ana mtoto. Kila Jumapili Mtaalamu alikwenda kwao kumtetea, kila Jumatatu alirudi na ile "lakini" imevimba zaidi. Jumatatu hii tu ndipo alipokuja anang'aa, akasema Jumamosi watakuja. Wote. Watakaa kwa dada yake Mama Dodoso, watazungumza kama watu wazima. Dada mtu alikuwa ameshaazima viti vinane kwa jirani, na kuvifuta kimoja kimoja kwa sabuni.

Kwa hiyo alipoiona bahasha, aliwaza pete. Akaificha mikono chini ya meza, maana kucha zilikuwa na wino.

"Nimekuletea kitu," Mtaalamu alisema, akaketi kwenye kiti cha mshiriki. Akatoa karatasi. Kidole kikaenda mdomoni. "Sabini."

"Sabini nini?"

"Sabini kamili, kati ya mia. Programu ya kawaida hupata sitini na nane. Umepita, mpenzi."

Hakuelewa. Alichukua ile karatasi ya juu, akaona jina lake pale ambapo siku zote huandikwa jina la programu. Chini yake: *Tafadhali zungushia namba moja kwa kila sentensi.* Moja, ningependa kuwa naye mara kwa mara. Mbili, namwona ana mambo magumu bila sababu. Tatu, ni rahisi kuishi naye. Nne, nitahitaji msaada wa mtu mwenye ujuzi ili niweze kuishi naye.

Alisoma mpaka ya tano, akasimama hapo.

*Tano: sehemu zake mbalimbali zimeunganishwa vizuri.*

Hata hiyo Mtaalamu hakuibadilisha. Aliinakili kutoka kwenye dodoso la zahanati, ikabaki hivyo hivyo, na watu wazima wa kwao wakaketi sebuleni wakazifikiria sehemu zake. Baba mkwe mtarajiwa akapandisha miwani, akazifikiria. Mdogo wake Mtaalamu, kijana wa miaka ishirini, akazifikiria, akazungushia nne.

Mwili ulimsisimka kuanzia kisogoni. Ilikuwa kama mtu anayegundua kwamba mswaki wake umetumiwa na nyumba nzima, tena kwa zamu, tena wakaurudisha kwenye kikombe bila kuusuuza.

Mtaalamu hakuona. Alikuwa anasimulia. Jumapili baada ya chakula, alisema, mama alianza tena yale yake, shangazi akadakia, dada mkubwa akadakia, na yeye akachoka. Akatoa kalamu mfukoni, akagawa fomu. Mama akafungua mdomo aseme, akamwambia asiseme, ajaze. Dakika nne. Miezi kumi na minane ya makelele iliisha kwa dakika nne, kila mtu amenyamaza kimya kama mtihani. Akazikusanya, akazipiga hesabu mbele yao. Sabini. Baba akasema basi, kama imefika sabini, twendeni Jumamosi.

"Namba haina hasira," Mtaalamu alimaliza, macho yake yakilengwa na machozi ya furaha, ya kweli kabisa. "Mimi nisingeweza kuwashinda kwa maneno. Nimekushindia kwa kazi yetu."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kama Mtaalamu angekuwa mtu mbaya, Mama Dodoso angesimama amzabe kofi mambo yaishe. Lakini alikaa pale kama mtoto aliyeleta mchoro wake, anangoja asifiwe.

Mama Dodoso alinyanyua kikombe cha chai ili apate la kufanya na mdomo wake. Chai ilikuwa imepoa, utando wa maziwa umeganda juu, ukamshika mdomo wa juu, laini, wa baridi. Akautoa kwa kidole na kuupangusa kwenye karatasi ya kumbukumbu, na hakunywa tena.

"Nipe zote," akasema.

Mtaalamu akalamba kidole ili azitenganishe.

"Usilambe. Nipe hivyo hivyo."

Akazipokea kwa ncha za vidole. Na kwa kuwa mikono ina mazoea yake hata moyo ukiwa umevurugika, akazipanga mezani, akaanza kuzihesabu kama anavyozihesabu za makarani. Zilikuwa saba.

Hazikuwa na majina, lakini yeye alikuwa ameshasoma fomu mia tatu na zaidi, na alijua kwamba mtu huonekana kwenye duara lake. Hii yenye ua dogo pembeni ni ya mdogo wake wa kike, tisini na tano. Hii ya mistari ya kutetemeka ni ya baba, themanini na saba na nusu. Hii ya kalamu iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka, hakuhitaji kuambiwa. Mama mtu alikuwa amesoma kila sentensi. Panaposifu, moja na mbili. Panapolalamika, nne na tano. Kwenye sentensi ya kumi, *kuna mengi ya kubeba kabla ya kumzoea*, alizungushia tano mara mbili, akaandika pembeni: mtoto. Jumla, kumi na tano.

Iliuma. Lakini ilikuwa maumivu safi, kama kidonda kinachopigwa spiriti.

Halafu akafika kwenye ya saba.

Tatu. Tatu. Tatu. Kumi nzima, zimeshuka moja kwa moja kama vifungo vya kanzu. Duara zilikuwa nadhifu, za mviringo kamili, kila moja imeanzia juu na kufungwa juu. Duara hizo alizifahamu. Alizifundishwa ubaoni.

"Kwenu mko wangapi?" aliuliza.

"Si unawajua. Baba, mama, dada zangu wawili, mdogo wangu, na shangazi."

"Hao sita."

Mtaalamu akacheka kidogo, cheko la puani. Nje, mtu alikuwa anapanda ngazi akikohoa. Wakamngoja apite.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Nilitaka niwe wa haki. Mimi nina masilahi hapo, unaelewa? Ningekupa tano wangesema nakupendelea, wangeikataa hesabu yote. Mama alikuwa ananitazama mkono."

"Kwa hiyo ukanipa tatu."

"Tatu si mbaya. Ni katikati."

"Sentensi ya kwanza," akasema Mama Dodoso, na sauti yake ilikuwa ileile ya kuwasomea washiriki, tulivu, isiyopanda wala kushuka. "Ningependa kuwa naye mara kwa mara."

"Mpenzi, huo ni utaratibu tu."

"Ukazungushia tatu. Hukubali, hukatai."

Kidole kilikwenda mdomoni, hapakuwa na karatasi ya kufunua, kikabaki hapo mdomoni kama cha mtoto.

Mama Dodoso alitafuta mahali pengine pa kutazama, macho yakaangukia lile boksi. Akavuta kompyuta. Alipiga hesabu mbele yake, polepole, kama alivyofundishwa: akazijumlisha fomu zote saba, akagawa, ikaja sabini. Akaiondoa ya saba, akagawa kwa sita. Akageuza skrini amwonyeshe.

"Sabini na tatu na theluthi. Angalia mwenyewe. Baba yako hakunishusha. Shangazi yako, anayeniita yule wa mtoto, kanipa sabini na tano. Walionishusha ni mama yako na wewe, na hamsini yako ya tatu tupu."

"Lakini umepita. Si tunachotaka ni kupita?"

"Mama yako kanipa kumi na tano akaandika na sababu yake. Nikikaa naye chini tutagombana, tutalia, pengine siku moja tutaelewana, kwa sababu najua anaposimama. Hanitaki, na kasema. Wewe ulikuwa na kalamu mkononi, mbele ya watu ambao mwaka na nusu wote wanasubiri kuona utasema nini. Ukaogopa kutazamwa mkono."

Chozi moja lilimtoka, la hasira tu, akalikasirikia na lenyewe. Mtaalamu aliinuka, akazunguka meza kwa ule upole wake wote, akanyoosha mkono kumfuta. Kidole gumba kilimgusa shavuni, kikiwa bado na unyevu.

Aliruka nyuma mpaka kiti kikagonga ukuta. Hakukusudia. Mwili ulikataa kabla yake. Walitazamana, na katika macho ya Mtaalamu akaona kwamba ameelewa sasa, si yote, lakini kile cha kutosha: kwamba mwanamke huyu amemwonea kinyaa.

"Haya," Mtaalamu alisema, akikifuta kidole kwenye suruali. "Na mimi je? Ningekupa fomu yangu leo asubuhi, kabla sijaingia humu, ungenipa ngapi? Sema kweli."

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kusema kweli, hata inapomgharimu.

"Tano."

"Tano ipi?"

"Zote. Kumi."

Uso wa Mtaalamu ukafunguka, tumaini likamrudi mashavuni, akataka kusogea tena. Akamzuia kwa kiganja.

"Zote, umesikia? Hata ile inayosema mtu huyu anasumbua. Hata ile inayosema nitahitaji msaada wa mwenye ujuzi ili niishi naye. Ningezungushia tano mpaka chini bila kusoma, kama yule mama wa asubuhi, ili mtu asifukuzwe kazi. Wewe ndiye uliyenifundisha fomu kama hiyo inakwenda wapi."

Akaichukua ile ya saba kwa ncha za vidole viwili, akainama, akaiachia. Ikatua juu ya fomu ya karani wa mapokezi, uso kwa uso. Zile sita alizirudisha kwenye bahasha, akampa.

"Mrudishie mama yako. Mwambie ya kwake nimeisoma, na sijaikasirikia."

"Na Jumamosi?" Aliuliza kama mtu anayejua jibu. "Wameshajiandaa. Tukae tuzungumze kwanza."

"Dodoso hujazwa kabla ya mazungumzo," alisema Mama Dodoso. "Umeshajaza."

Akatoka. Kwenye sinki la mwisho wa korido alinawa uso kwa sabuni ya kunawia mikono, akalisugua lile shavu mpaka likawasha, akalisuuza, akalisugua tena. Kwenye kioo akaona mwanamke mwenye macho mekundu na wino kwenye kucha, akamwona ni wa kawaida kabisa, wala hana sehemu zilizolegea.

Akampigia dada yake simu. Akamwambia avirudishe viti.

Dada mtu ni mwepesi wa utani, lakini hakutania. Aliuliza tu, "Vyote?"

"Vyote, dada."

"Basi nitavirudisha. Viko safi, hata hivyo. Jirani atafurahi."

Jioni alimkuta binti yake amekaa sakafuni kwa dada, mahali ambapo viti vilikuwa vimepangwa asubuhi, miguu imenyooka, kitabu cha picha mapajani. Mtoto wa miaka minne, uso umekazwa kama wa hakimu. Alinyanyua kidole gumba, akakilamba kwa utulivu mkubwa, akafunua ukurasa.

Mama Dodoso alisimama mlangoni na mkoba wake. Akangoja kile kinyaa kije, maana kilikuwa hakijamtoka tangu mchana. Akangoja. Mtoto akalamba tena, akafunua tena, kama alivyomwona mtu fulani akifanya Jumamosi nyingi, mtu aliyemsomea kitabu hichohicho kwa sauti za wanyama wote.

Hakikuja.

Akaketi sakafuni kando yake, akakichukua kile kidole kidogo kilicholowa, akakikausha kwa upindo wa gauni lake, taratibu, akakibusu.

"Funua hivi," akamwambia. "Kikavu. Si unaona? Unafunuka."